Kipima Pumzi Kiende Nyumbani na Mgonjwa

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya. Waziri wa TAMISEMI. Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro na waganga wakuu wa wilaya zake. Uongozi wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mawenzi. Na Bohari ya Dawa

YAH: UPIMAJI WA PUMU KATIKA ZAHANATI NA VITUO VYA AFYA VYA MKOA WA KILIMANJARO

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Kibosho. Si daktari, wala siandiki kumshtaki mtu. Naandika kuhusu kifaa kimoja cha plastiki kinachoshikika kiganjani, kisichotumia umeme wala betri, ambacho katika zahanati ninazozifahamu sijakiona mezani.

Wahudumu wa afya hukiita pikiflo. Mimi nitakiita kipima pumzi. Mgonjwa anasimama wima, anavuta hewa mpaka kifua kijae, anabana midomo kwenye mdomo wa kifaa, kisha anapuliza mara moja kwa nguvu zake zote. Mshale mdogo unasukumwa na kubaki kwenye namba inayoonyesha kasi ya pumzi kwa lita kwa dakika. Anarudia mara tatu, namba kubwa kuliko zote ndiyo inayoandikwa. Kazi yote haizidi dakika tano. Aliyebuni chombo hiki ni Martin Wright wa Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950. Cha kwanza kilikuwa kizito na cha kuwekwa maabara. Kufikia miaka ya 1970 kilishatengenezwa kidogo cha kutia mfukoni. Kwa hiyo siwaombei teknolojia ya kesho. Naomba kitu ambacho wajukuu wa wagonjwa wa kwanza waliokitumia wana wajukuu sasa.

Kwa nini pumu, na kwa nini kifaa hiki? Kwa sababu pumu ina tabia ya kuondoka kabla mgonjwa hajamfikia daktari. Njia za hewa hubana zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa tisa, saa kumi, na kwetu huku juu hizo ndizo saa za baridi kali, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Mama anaamka, anamkalisha mtoto kitako, anachemsha tangawizi, anamkanda kifua, anasikiliza ile filimbi ndani. Kukipambazuka anatafuta bodaboda. Barabara zetu mnazijua. Mpaka wafike, wapange foleni, waitwe, ni saa nne. Jua limewaka na kifua kimefunguka chenyewe. Tabibu anaweka stetoskopu mgongoni, anasikia hewa inapita vizuri kabisa. Aandike nini? Hawezi kuandika asichokisikia. Anaandika maambukizi ya njia ya hewa, anatoa amoksilini, na baada ya wiki chache safari inaanza upya.

Nimeliona daftari la mtoto wa jirani yangu. Nasema daftari, kwa maana ile ile mnayoijua: lile la shule lenye kurasa 48 ambalo mgonjwa huja nalo zahanati na kuondoka nalo. Lilikuwa na miandiko ya watu wengi, kila mmoja nadhifu kwa namna yake. Amoksilini, azithromaisini, dawa ya kikohozi ya maji, sindano za siku tano, malaria hasi, malaria hasi tena, makohozi hasi. Hakuna ukurasa hata mmoja wenye namba ya pumzi. Kila aliyeandika alikuwa sahihi kwa siku yake. Aliyekosekana ni mtu wa kuziunganisha siku zile, na mtu huyo hawezi kuwa daktari, kwa kuwa daktari haishi nyumbani kwa mgonjwa.

Hapa ndipo penye hoja yangu yote, na naomba msinielewe vibaya kwamba nataka kifaa cha bei poa kwa ajili ya maskini. Najua upo mtambo bora zaidi. Spiromita, ambayo Mwingereza John Hutchinson aliitangaza mwaka 1846, hupima si kasi tu bali pia kiasi cha hewa kinachotoka sekunde ya kwanza na kile kinachotoka kwa jumla, na hospitali ya rufaa inayohudumia vifua haifai kukaa bila hiyo pamoja na mtu aliyefundishwa kuitumia. Lakini hata spiromita inapima dakika ile mgonjwa aliyokaa mbele yake. Mwenye pumu aliyepona saa mbili zilizopita anaweza kupata majibu mazuri kama ya mwanariadha, na majibu hayo hayamaanishi kwamba hana pumu. Ugonjwa wenyewe ni kupanda na kushuka. Ukitaka kuukamata lazima upime asubuhi na jioni, siku baada ya siku, kule unakotokea: jikoni, kitandani, bandani kwa ng'ombe, njiani kwenda shule. Kipima pumzi kinaweza kwenda huko. Mtambo wa hospitali hauwezi.

Nimekaa ubaoni miaka mingi, kwa hiyo mniwie radhi nikifanya hesabu. Chukueni mtu mzima anayepuliza 220 alfajiri na 300 jioni. Tofauti ni 80. Wastani wa siku hiyo ni 260. Gawanya, utapata karibu asilimia 31. Sasa mchukueni mwenzake mwenye mapafu mazima, 410 asubuhi na 425 jioni: tofauti yake haifiki asilimia 4. Mwongozo wa kimataifa wa pumu unaojulikana kama GINA unasema wastani wa tofauti hizo kwa wiki moja au mbili ukizidi asilimia 10 kwa mtu mzima, au 13 kwa mtoto, hiyo ni dalili ya pumu. Mwongozo huo huo unakubali pia jaribio la papo kwa papo pale ambapo hakuna spiromita: mgonjwa apulize, avute salbutamoli mara nne, angoje robo saa, apulize tena, pumzi ikiongezeka kwa asilimia 20 au zaidi, kuna jambo. Hesabu hii mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Na daftari la kuandikia tayari tunalo.

Kuna jambo la huku mlimani ambalo wataalamu wenu watalileta mezani, nami nalileta kabla yao: vifaa hivi vidogo husoma pungufu kidogo kadiri unavyopanda juu, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Ni kweli. Lakini mgonjwa wa Marangu hashindanishwi na wa Dar es Salaam. Anashindanishwa na yeye mwenyewe wa jana jioni.

Mtasema mkoa una mambo mengi. Naam, lakini katika mambo ya kifua mkoa huu si mgeni. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha ilianza kuwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926. Mwaka 1977 nchi ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na mtaalamu wa kifua kikuu Dk. Karel Styblo alishirikiana na Watanzania kuujenga kwa namna ambayo baadaye dunia nzima iliiga: makohozi yapimwe wilayani, kila mgonjwa awe na kadi, kila robo mwaka wahesabiwe walioanza dawa na waliomaliza. Leo hata mtoto anajua kwamba kikohozi cha wiki mbili kinapimwa. Hiyo ni kazi kubwa na naiheshimu.

Ila mwulizeni aliyepimwa akakutwa hana TB anaelekea wapi. Anaambiwa hana, anashukuru Mungu, anarudi nyumbani na kikohozi chake. Mlango aliokuja kuugonga umefungwa kwa habari njema. Ombi langu la kwanza ni hilo: kila mtu aliyekuja na kikohozi au kubanwa kifua, akapimwa makohozi yakawa safi, asitoke mikono mitupu. Apulize hapo hapo, kisha aazimwe kipima pumzi kwa wiki mbili pamoja na ukurasa uliopigwa mistari kwenye daftari lake. Wiki mbili tumeshazizoea. Na mfuatano huo uheshimiwe, TB kwanza ndipo kupuliza, kwa kuwa kupuliza kwa nguvu kunatawanya kilichomo kifuani. Upulizaji wa zahanati ufanyike nje kwenye hewa, kila mtu na mdomo wake wa kifaa wenye vali ya njia moja, na kifaa kinachorudi kisafishwe kabla ya kuazimwa tena. Haya si mageni kwa wauguzi wetu.

Ombi la pili linahusu shule, na hapa nazungumzia ninapopajua. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mchakamchaka. Saa moja asubuhi, baridi ya mwezi wa saba, watoto wanakimbia wakiimba. Wapo ambao dakika chache baada ya kusimama wanainama, mikono magotini, wanakohoa kikohozi kikavu. Kuna shule ambako huyo ni mvivu, na kuna walimu wenye fimbo ya mvivu. Kisayansi hicho ni kipimo ambacho tayari kinafanyika kila siku bila mtu wa kuandika matokeo. Watafiti wa Harare waliochapisha kazi yao mwaka 1991 walifanya hivyo hivyo: watoto wa shule walipuliza, wakakimbia dakika sita, wakapuliza tena. Jirani zetu Kenya walichapisha yao mwaka 1998, wakilinganisha watoto wa Nairobi na wa Murang'a baada ya mazoezi. Walioshuka pumzi kwa asilimia 10 au zaidi walikuwa karibu asilimia 23 mjini na asilimia 13 kijijini. Murang'a ni miteremko ya kahawa kama yetu. Sidai namba za kwao ni za kwetu. Nadai kwamba hakuna anayeweza kuniambia za kwetu kwa kuwasikiliza watoto vifua peke yake. Vipima pumzi viwili katika ofisi ya mwalimu wa afya, na mafunzo ya siku moja kutoka kituo cha afya cha kata, vingetosha kuanza. Mtoto ambaye pumzi yake inashuka kwa asilimia 15 baada ya kukimbia aandikiwe barua ya kwenda kuonwa, si adhabu.

Sijataja mlima bado, na ni vigumu kuandika kutoka huku bila kuutaja. Vijana wetu wanaopanda na wageni wanajua kwamba jioni kambini mwongozaji huwapima wageni wake kwa kale kabano ka kidoleni kanakosoma oksijeni kwenye damu. Ni jambo jema na linaokoa maisha. Lakini mgumu, yaani mpagazi, aliyebeba mizigo ya wageni hao anaposhuka, akamkuta mwanawe anabanwa kifua Umbwe au Mweka, hakuna wa kumpima pumzi kijijini. Na kale kabano, kwa taarifa ya wanaodhani kanatosha, hakawezi kugundua pumu: mtu anaweza kuwa na njia za hewa zilizobana vya kutosha kumnyima usingizi na oksijeni yake ikasoma vizuri tu. Ikianza kushuka, mgonjwa huyo tayari ni wa dharura.

Kuna faida nyingine ya daftari la namba ambayo daktari hawezi kuipata kwa maswali. Mwanamke anayepika mbege anakaa na moshi wa kuni saa nyingi. Mwingine anamkatia ng'ombe majani bondeni, anayapandisha yakiwa makavu na kuyapukuta bandani. Kule Kahe na Njiapanda ni vumbi. Desemba, familia zinaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, watoto wa mjini wanalala kwenye nyumba ya bibi yenye baridi na jiko la kuni, na sikukuu inageuka mkesha wa hospitali. Namba za asubuhi na jioni, pembeni yake neno moja la kilichofanyika siku hiyo, zitamwonyesha kila mmoja adui yake. Kwa wazee wetu, hasa kina mama waliokaa na moshi miaka 40, namba zinaweza kuonyesha kinyume: ziko chini asubuhi, ziko chini jioni, hazipandi hata baada ya dawa. Huyo huenda mapafu yake yameshaharibika kwa namna nyingine, na ndiye anayestahili kupewa rufaa kwenda kwenye spiromita, badala ya kupewa jina la pumu na pampu ya kubahatisha. Kipima pumzi kinazipunguzia hospitali za Mawenzi na KCMC foleni isiyo ya lazima na kinazipelekea mgonjwa anayezihitaji.

Sasa dawa, maana kupima bila dawa ni kumtesa mtu kwa habari. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa GINA unapinga kumtibu mgonjwa wa pumu kwa salbutamoli peke yake, kwa kuwa inafungua njia ya hewa kwa muda na kuacha uvimbe wa ndani uendelee. Kinachotuliza uvimbe ni dawa ya kuvuta ya jamii ya steroidi, kama beklometasoni au budesonidi. Budesonidi ikichanganywa na fomoteroli imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017. Huku kwetu mgonjwa wa zahanati bado ni wa vidonge: salbutamoli ya kumeza inayotetemesha mikono, aminofilini inayoendesha moyo mbio. Bohari ya Dawa, ghala lenu la kanda liko hapa hapa Moshi. Tunaomba dawa hiyo ya kuvuta, yaani pampu ya kinga, ionekane mahali ambapo mgonjwa anaonekana, na kipima pumzi kiingie katika oda hiyo hiyo. Na wale wanaotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, tunaomba vyote viwili viwemo katika kitita, kifaa pamoja na dawa, visije vikatenganishwa dirishani.

Kuhusu kile kikopo cha kusaidia watoto kuvuta dawa, mtu asitumie uhaba wake kama kisingizio. Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa vizuri kitakoni, inafanya kazi sawa na kile cha kununua. Chupa hizo zimezagaa stendi nzima ya Moshi.

Wapo watu wetu wanaoikataa pampu. Wanasema ukiianza huiachi, kwamba ni ya wanaokaribia kufa. Wazazi wa binti huficha pumu yake mpaka mahari iishe. Hotuba ya daktari haiwatoi hofu hiyo kirahisi. Lakini nimeona namna mtu anavyobadilika akishika namba yake mwenyewe: kupuliza 230, kuvuta dawa ya kinga wiki kadhaa, kisha kupuliza 340. Habishani tena na mtu.

Najua majibu yaliyo tayari. La kwanza, vifaa vitapotea. Vingine vitapotea, ndiyo. Viandikwe katika rejista kama vitabu vya maktaba ya shule, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule wa mpango uliozinduliwa mwaka 2024, awe ndiye anayekipeleka na kukirudisha, nyumba anazijua. La pili, kipimo kinategemea juhudi ya mpulizaji na kinaweza kudanganya. Kweli, ndiyo maana kinapulizwa mara tatu na kwa siku nyingi, na ndiyo maana watoto chini ya miaka mitano wabaki kwa daktari. La tatu, hakuna bajeti. Kifaa kimoja kwa bei ya jumla ni makumi machache ya maelfu ya shilingi na kinatumika miaka. Wekeni pembeni yake gharama ya dozi za antibayotiki zilizomo katika daftari lile moja nililolisoma, pamoja na nauli. Shirika la Afya Duniani lilikwishakiweka kipima pumzi katika orodha ya vifaa vya msingi vya magonjwa yasiyoambukiza kwa ngazi ya chini kabisa ya huduma, na nchi yetu ilizindua mpango wake wa taifa wa magonjwa hayo Novemba 2019. Katika mikutano ya mpango huo tunasikia sana sukari na presha, na ni haki. Pumu hutajwa mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kukunja makaratasi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000 duniani, wengi wao katika nchi za kipato kama chetu, mahali ambapo haigunduliwi wala kutibiwa inavyostahili. Uganda wamekwishapita mijini na vijijini na spiromita, na walikuta pumu kwa takriban asilimia 11 ya watu wenye umri wa miaka 12 na kuendelea.

Siombi mkoa mzima kwa siku moja. Chagueni zahanati chache za juu, Kibosho, Uru, Marangu, Rombo, na chache za chini, Kahe na Himo, kila moja ipewe vipima pumzi kumi. Anzeni Mei, kabla ya baridi, ili namba za Juni na Julai zikamatwe. Mganga wa wilaya azikusanye kila robo mwaka kwa utaratibu ule ule wa TB: wangapi walipuliza, wangapi walirudisha daftari likiwa limejazwa, wangapi walikutwa na pumu, wangapi walipata pampu ya kinga na bado wanaitumia. Zikionyesha kwamba nimekosea, vifaa vihamishiwe shule na mimi nitanyamaza.

Kama mtajibu, na naamini mtajibu, naomba nakala ya jibu ibandikwe kwenye mbao za matangazo za zahanati, karibu na dirisha la dawa, kwa kuwa wenye haja nalo hawanunui magazeti.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kibosho, Moshi Vijijini